Sura ya Sita: Majabali ya Uwandani

Mji wa Nachingwea uko mita mia nne na kitu juu ya usawa wa bahari. Maji ya Ziwa Lucerne, katikati ya Uswisi, yako mita 434. Kwa hiyo mkazi wa Nachingwea anayekwenda zake sokoni asubuhi anatembea karibu katika kimo kilekile ambako watalii wa dunia nzima hushuka melini ili waupande Rigi, mlima unaolichungulia ziwa hilo. Rigi wenyewe una mita 1,798 tu. Lango la Marangu, pale mpandaji wa Kilimanjaro anapoandikisha jina lake kabla hajaanza kupanda, liko juu kuliko kilele cha Rigi. Hata hivyo Rigi umeandikiwa vitabu, Mwingereza J. M. W. Turner aliuchora mwaka 1842 kwa rangi za maji, na tangu 1871 una reli ya meno inayopandisha watu mlimani, ya kwanza ya aina yake barani Ulaya.

Naanza na Rigi kwa sababu nataka tukubaliane jambo moja kabla ya kuondoka. Milima ya Alps haikuzaliwa na umaarufu wake. Ilikuwa milima ya wachungaji na wawindaji, na mabondeni watu walisimuliana habari za mazimwi ya kwenye barafu. Mwaka 1786, tarehe 8 Agosti, Jacques Balmat na Michel Paccard walifika kilele cha Mont Blanc, na baada yao mambo yakaenda mbio. Waingereza wakaunda klabu yao ya wapanda milima London mwaka 1857, Waswisi wakaunda ya kwao 1863. Watu wakatembea, wakaandika walichokiona, wakachora ramani, wakajenga vibanda vya kulala, wakapaka rangi kwenye mawe ili anayefuata asipotee. Leo Uswisi ina njia za miguu zenye alama zipatazo kilomita 65,000. Ni kazi ya mikono ya watu, imefanywa vizazi kwa vizazi.

Huku kwetu kupanda mlima kumekuwa habari ya Kilimanjaro peke yake. Tangu Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889, na hata baada ya Alexander Nyirenda kuupandisha mwenge na bendera usiku wa Uhuru, mlima kwa Mtanzania wa kawaida ni kitu cha kaskazini, chenye theluji, lango, ada na wageni. Sura hii inahusu vilima visivyo na lango. Viko Nachingwea, Ruangwa, na majirani zao Masasi na Lindi. Vingi havifiki hata nusu ya kimo cha Rigi. Nasema vinastahili miguu ya watu, na kwanza kabisa miguu ya wale wanaoishi chini yake, maana hakuna mahali pengine ambapo historia ya Kusini inasomeka kwa jicho moja kama juu ya mawe hayo.

*

Ukitoka Lindi kwa basi kuelekea Masasi, barabara inafuata bonde la mto Lukuledi. Kulia kwako kuna nyanda za juu za Rondo, kushoto kuna za Makonde, na kwa muda mrefu unaona mistari miwili mirefu iliyonyooka upeoni, kama kwamba nchi imekatwa kwa panga moja. Njia panda ya Nanganga inakwenda Ruangwa. Ukiendelea mbele, ukapita Ndanda ambako watawa Wabenedikto wamekaa tangu 1906, mistari inaisha na kitu kingine kinaanza. Ardhi inatandazika tambarare, na juu yake yanasimama majabali, moja hapa, jingine kule, bila safu na bila vilima vidogo vya kuyasindikiza. Uwanda unakwenda tambarare hadi ukutani mwa jiwe, kisha jiwe linapanda.

Mwaka 1900 Mjerumani Wilhelm Bornhardt, mtaalamu wa madini aliyezunguka nchi hii miaka ya 1890 akipima na kuchora, alichapisha kitabu kuhusu umbo la ardhi na miamba ya koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Majabali haya aliyaita inselberg, na jina hilo limeenea katika sayansi yote ya ardhi. Mwaka 1934 Mmarekani Bailey Willis akapendekeza majabali ya mviringo yaliyo wazi, yenye mwamba mmoja usiopasukapasuka, yaitwe bornhardt kwa heshima yake. Tangu hapo mwanafunzi wa jiolojia wa Brazil au Australia anapoandika neno hilo katika mtihani, anaandika bila kujua habari ya nchi hii. Na mwanafunzi wa sekondari wa Nachingwea anaikariri inselberg kutoka katika mchoro wa kitabu cha jiografia, halafu anarudi nyumbani akipita chini yake. Hili linanihuzunisha kila ninapolifikiria. Darasa liko nje ya dirisha.

Yalitokeaje? Miamba ya hapa ni ya zamani mno. Ni sehemu ya mkanda wa miamba unaopita mashariki ya Afrika kutoka Msumbiji hadi Kenya na kuendelea kaskazini, uliopikwa na kukandamizwa chini sana ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yalipogongana. Baada ya hapo ikaja kazi ya polepole ya maji. Mvua huingia ardhini, hupenya kwenye nyufa za mwamba, na mwamba wenye nyufa nyingi huoza ukawa udongo. Mwamba mzima, usio na pa kupenyea, hubaki. Mito inapokuja kuuchukua udongo ule laini, lile lililokuwa limezikwa huchomoza. Kwa hiyo jabali halikupanda. Ni nchi iliyoshuka na kuliacha. Na kwa kuwa mzigo mkubwa wa ardhi uliokuwa juu yake umeondoka, mwamba hutanuka na kupasuka kwa tabaka zinazofuata umbo lake la mviringo, kama maganda ya kitunguu. Ukipanda utaona mabamba hayo, mengine mapana kuliko paa la nyumba, yamekaa mteremkoni yakisubiri siku yao ya kuporomoka.

Nilipanda jabali moja la upande wa Nachingwea nikiongozwa na mzee wa Kimwera ambaye shamba lake la mikorosho linaishia chini yake. Ilikuwa Juni. Alfajiri tulipoondoka, mashambani mashine za kupulizia zilikuwa zinanguruma na hewa nzima ilinuka salfa, maana ndio wakati ambao mikorosho inatoa maua na wakulima wanapambana na ubwiriunga, na kazi hiyo hufanywa upepo ukiwa bado umelala. Mzee alivaa yeboyebo. Mimi nilikuwa na viatu vya mlima vya soli nene, na kabla hatujaanza kupanda aliviangalia, akasema, “Mwanangu, jiwe linataka mguu ulisikie.” Juu ya mwamba nilimwelewa. Ngozi ya jabali ina chembechembe ngumu zinazokamata raba vizuri kabisa pakiwa pakavu. Lakini kuna michirizi myeusi, mahali ambapo maji ya mvua hupita, na humo pameota kitu chembamba kama rangi ambacho kikilowa kidogo tu kinateleza vibaya. Mzee hakukanyaga mweusi hata mara moja. Alipanda kwa kuzunguka, akiutafuta mwamba wa kijivu na waridi, akipumzika kila mara bila kukaa.

Katikati ya mteremko, katika mwanya usiozidi upana wa kiganja, palikuwa na mimea yenye mashina meusi ya nyuzinyuzi na majani makavu yaliyokunjamana, ambayo ungedhani imekufa zamani. Nikalivunja jani moja, likavunjika kwa sauti. Mzee akaniambia nirudi mvua za kwanza. Mimea hiyo ya jamii ya Xerophyta ina uwezo ambao mimea michache duniani inao: hukauka karibu kabisa, hukaa hivyo miezi mingi, na mvua ikinyesha majani yaleyale hurudi kijani ndani ya siku chache. Wanasayansi wanaichunguza kwa bidii wakitafuta namna ya kuyapa mazao uvumilivu huo. Kwenye majabali ya Kusini inakaa wazi, juu ya jiwe tupu linalochomwa na jua la Oktoba.

Pimbi tuliwasikia kabla ya kuwaona, na mahali pao pa kujisaidia palionekana kwa mbali, mistari myeupe na ya kahawia juu ya ukuta wa mwamba. Karibu na kilele mna mashimo ya mviringo ambamo maji ya mvua hukaa. Lile kubwa lilikuwa bado na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, na ndani yake viluwiluwi. Mzee alisema zamani, wakati wa hatari, watu waliokuwa wamejificha juu waliyategemea maji hayo.

*

Hatari aliyoitaja ina tarehe. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, kutoka Zanzibar. Walikuwa wamekusudia kwenda mbele, kuelekea nchi ya Wayao na Ziwa Nyasa, lakini walipoyaona majabali, maji na ardhi nzuri, wakakaa. Mwaka 1882 wapiganaji wa Kingoni, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara, walikivamia kijiji hicho, wakateka watu. Miaka ishirini na mitatu baadaye, mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vikafika, na misheni ikachomwa moto. Leo kanisa kuu la Kianglikana la Masasi liko Mtandi, chini ya jabali. Ukisimama juu ya jiwe unaelewa kwa nini kila aliyekuja alitaka kukaa hapohapo: anayekuja kutoka upande wowote anaonekana mapema, na chini ya kila jabali kuna unyevu, kwa sababu mvua yote inayolipiga hutiririka na kukusanyika miguuni pake. Vijiji vya hapa vimefuata maji ya mawe.

Kutoka juu unauona pia mlango wa Lukuledi, lile pengo kati ya Rondo na Makonde. Nakuomba uliangalie kwa makini, maana historia nzima ya sehemu hii imepita hapo. Misafara ya pembe na watumwa ilishukia humo kwenda Lindi. Oktoba 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi yalikutana humo, Mahiwa, karibu na Nyangao. Kwa siku nne, kuanzia tarehe 15 hadi 18, askari wa Kiafrika wa pande zote mbili, Wanigeria na King's African Rifles kwa Waingereza, askari wa von Lettow-Vorbeck kwa Wajerumani, waliuana katika mapigano makali kuliko karibu yote ya vita vile katika Afrika Mashariki. Upande wa Waingereza peke yao waliouawa, kujeruhiwa au kupotea walizidi 2,000. Miezi mitatu kabla yake, Julai 19, walikuwa wamepigana Narungombe, kaskazini zaidi, ambako leo ni wilaya ya Ruangwa. Wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya majeshi hayo hawakuwekewa mawe ya kaburi.

Kisha ikaja reli. Baada ya Vita vya Pili serikali ya Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula, iliamua kulima karanga Tanganyika katika ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, na Nachingwea ikachaguliwa kuwa eneo kubwa la kusini. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta ya kung'oa miti. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo, na reli ikaletwa hadi Nachingwea kupitia bonde lilelile. Januari 1951 mradi ulitangazwa kuwa umeshindwa, baada ya kula mamilioni ya pauni. Reli iliendelea kidogo, ikafungwa 1962. Leo Nachingwea ina kata inayoitwa Stesheni, na treni hakuna.

Wakati wa mvua, ukiwa juu, bado unaweza kuhisi mkono wa mradi ule katika namna mji ulivyotawanyika, na barabara zinavyokwenda mbali zikiwa zimenyooka. Ndani ya ardhi hiyo, mahali panapoitwa Farm 17, jina lililobaki kutoka mradi wa karanga, Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, waliweka kambi yao kuu ya mafunzo katikati ya miaka ya 1960. Samora Machel aliiongoza kabla hajawa rais wa chama. Vijana waliovuka Ruvuma kwenda kupigana na Mreno walifundishwa hapa, na Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, Nachingwea ilikuwa imeshakuwa jina linalotamkwa kwa heshima kutoka Cabo Delgado hadi Maputo. Mradi ulioshindwa kutoa mafuta ya karanga uliiachia Afrika uwanja wa kuandalia ukombozi wake. Sijui jabali lolote la Uswisi ambalo ukipanda kwa saa mbili unaona mambo mazito kiasi hicho kwa kugeuza shingo tu.

*

Vilima vya Ruangwa ni vya namna nyingine. Si vikali wala tupu sana. Vimevaa miombo, na udongo wake mahali pengine una mng'ao wa kijivu unaobaki vidoleni. Hicho ni kinywe. Mabaki ya viumbe vidogo yaliyozikwa katika matope ya bahari ya kale yalipikwa pamoja na miamba hadi yakawa madini hayo, ambayo sasa dunia inayatafuta kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Katika miamba hiyohiyo ya kinywe huzaliwa garneti ya kijani inayoitwa tsavorite, kito kilichopata jina lake kutokana na Tsavo ya Kenya lakini ambacho wachimbaji wadogo wa Ruangwa wanakijua kwa mikono yao. Namungo, ambayo wapenzi wa mpira nchini wanaijua kwa timu yake iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, ni jina la machimbo kabla ya kuwa jina la timu.

Mtembeaji wa Ruangwa lazima awe mwangalifu kuliko wa Masasi. Mashimo ya wachimbaji yaliyoachwa hayana uzio, na nyasi za Mei huyafunika kabisa. Usitembee nje ya njia bila mwenyeji.

Nachingwea nako kuna kilima cha Ntaka, chenye nikeli, ambacho kimezungumzwa zaidi katika vyumba vya mahakama kuliko vijiweni. Kampuni za nje zilizonyang'anywa leseni ziliipeleka serikali kwenye usuluhishi wa kimataifa. Mwaka 2023 zikapewa tuzo ya zaidi ya dola milioni 100, na mwaka uliofuata pande mbili zikakubaliana dola milioni 90. Nalitaja hili kwa sababu lina uzito kwa anayependa vilima. Kilima chenye jina katika mikataba kinaweza kuchimbwa kikaisha, na kwa haki kabisa, maana watu wanahitaji ajira na nchi inahitaji fedha. Lakini kinachochimbwa kinapaswa kuwa kimejulikana kwanza: kinaitwaje na wazee, kuna nini juu yake, nani amezikwa huko, maji yake yanamnywesha nani. Tathmini ya mazingira inaandikwa na mtu aliyekaa wiki mbili. Mwenyeji aliyekipanda tangu utoto ana mengi zaidi ya kusema, na asemapo anafaa kusikilizwa.

*

Kaskazini-mashariki ya Ruangwa, kuelekea pwani, kipo kilima ambacho kwa macho hakina lolote. Hakina ukuta wa mwamba wala kilele cha kujivunia. Ni Tendaguru.

Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Sattler aliona mfupa mkubwa umechomoza njiani karibu na kilima hicho. Mwaka uliofuata Profesa Eberhard Fraas alikuja kuthibitisha, na kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakafanya hapo uchimbaji mkubwa kuliko wote uliowahi kufanywa duniani hadi wakati huo kutafuta mifupa ya dainosaria. Walioongoza kwa majina vitabuni ni Werner Janensch na Edwin Hennig. Waliochimba ni mamia ya wanaume, Wamwera na wenzao wa makabila ya jirani, wengi wao wakiwa wametoka tu katika njaa iliyofuata Maji Maji, na wengi walikuja na wake na watoto wakajenga vijiji kuzunguka mashimo. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye jicho lake la kuutambua mfupa ndani ya udongo na mkono wake wa kuutoa bila kuuvunja viliwafanya Wajerumani wenyewe wamwachie kazi ngumu kuliko zote.

Mifupa ilifungwa kwa plasta, udongo, mianzi na nyasi, ikawekwa vichwani na mabegani. Mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi. Hakukuwa na gari, na wanyama wa mizigo hawakuweza kuishi kwa sababu ya mbung'o. Kwa namna hiyo zaidi ya tani 200 zilishuka kutoka kilima kile hadi baharini. Mwaka 1937, Berlin, mnyama mkubwa kati ya waliotoka hapo alisimamishwa. Leo ana kimo cha mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini, na hakuna mifupa ya dainosaria iliyosimamishwa duniani inayomzidi kwenda juu. Yuko huko hadi leo. Waingereza nao walikuja baada ya vita, kuanzia 1924, chini ya William Cutler akiwa na kijana aliyeitwa Louis Leakey. Cutler aliugua malaria, akafa Lindi mwaka 1925.

Mjadala wa kurudisha mifupa hiyo unajulikana, na mimi niko upande wa wanaotaka Lindi iwe na makumbusho yake na mifupa yake. Lakini ipo haki nyingine ambayo haihitaji ruhusa ya Berlin. Njia ile waliyopita wapagazi, kutoka Tendaguru hadi Lindi, ingeweza kutambuliwa na kutembewa. Uhispania watu kwa maelfu hutembea wiki nyingi kwenda Santiago kwa sababu mahujaji wa kale walipita hapo. Kusini tuna njia ya watu waliobeba vichwani historia ya dunia ya miaka milioni 150. Kuitembea siku nne, ukilala vijijini, ukila ugali na mbaazi, ukimtaja Boheti bin Amrani pale kilimani, ni mwendo ambao Mtanzania yeyote mwenye afya anauweza.

*

Anayetaka mlima juu ya ziwa, aende Rondo. Nyanda hizo za juu hufika karibu mita 900, na upepo wa bahari ukizigonga huacha ukungu na mvua, ndiyo maana juu yake pana msitu wa namna nyingine kabisa na ile miombo ya uwandani. Mvule wake mkubwa ulikatwa sana miaka ya 1940 na 1950. Kilichobaki kimehifadhiwa, pamoja na mashamba ya miti ya serikali. Usiku, ukikaa kimya na tochi, unaweza kumsikia komba wa Rondo, mnyama wa gramu 60 hivi, mdogo kuliko komba wote, ambaye wanasayansi walimpa jina mwaka 1997 na ambaye ameshawahi kuorodheshwa miongoni mwa nyani na jamaa zao 25 walio hatarini zaidi duniani. Kwake dunia ni vipande vichache vya msitu wa pwani ya Tanzania, na hiki cha Rondo ndicho kilichompa jina.

Chini ya Rondo, upande wa mashariki, kuna Ziwa Lutamba, na kando yake msitu wa Litipo. Mtaalamu wa mimea Mjerumani H. J. Schlieben alipiga kambi ziwani hapo miaka ya 1934 na 1935, akakusanya majani, maua na matunda ambayo sasa yamehifadhiwa makavu katika maktaba za mimea za Ulaya. Aina kadhaa zilijulikana kwa sayansi kwa mara ya kwanza kutokana na kambi ile. Kwenye vibandiko vyake aliandika Lutamba, mita 240. Kutoka mita 240 za ziwa hadi 900 za nyanda za juu kuna kimo cha kutosha kumtoa mtu jasho na kumbadilishia hewa, miti na ndege njiani.

*

Kuhusu namna ya kwenda. Mvua za huku ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mwezi mzuri kuliko yote ni Juni: hewa safi, asubuhi zenye baridi, mashimo ya majabali bado yana maji. Kuanzia Agosti moto wa mashamba na vichaka hujaza anga moshi, na Oktoba jua linageuza jiwe kuwa jiko. Ondoka kabla ya jua kuchomoza, uwe umeshuka saa nne. Beba maji yako yote, hata kama umeambiwa juu kuna maji. Usijipake manukato, nyuki wa majabali hukaa kwenye mianya ya kuta, na wakiamka hakuna pa kukimbilia mteremkoni. Upande wa magharibi wa Nachingwea tembo hupita, kwa hiyo usikatize vichaka alfajiri peke yako. Kabla ya yote pita kwa mwenyekiti wa kitongoji, umwamkie, useme unakotaka kwenda. Majabali mengine yana makaburi na mahali pa tambiko, na mengine vijana wa jando hupita karibu nayo kwa wakati wao. Ukiambiwa siyo leo, siyo leo.

Ramani nyingi hazina majina ya vilima hivi, lakini vijiji vinayo. Kazi ya kwanza ni kuyaandika. Mwalimu wa jiografia, darasa lake la kidato cha pili, wazee watatu wa kijiji na simu yenye kipimo cha mahali wanaweza kuimaliza kata moja kwa muhula. Kazi ya pili ni njia moja kwa kila wilaya, fupi, yenye alama ya rangi kwenye mawe, kutoka stendi hadi kileleni na kurudi, na vijana wa kijiji kile walipwe kwa kuongoza. Halmashauri za Nachingwea na Ruangwa zina maofisa utamaduni na maofisa maliasili, na rangi kopo mbili hazihitaji mfadhili. Wapakaji waanze Juni, kabla ya moto wa Agosti kuziba anga.